Bwana Shamba na Mawingu: Kutoka Ngazi za Uluguru hadi Ngitili za Shinyanga

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu, na kwa karne nyingi neno hilo lilimtosha mkulima. Alitazama upepo, akasikiliza ndege, akaona mti fulani umechipua, akajua kuwa siku ya kupanda imekaribia. Elimu hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ilitokana na majaribio ya vizazi vingi, na aliyeidharau alilala njaa. Lakini siku hizi mawingu hutanda yakapita. Mvua ya kwanza humhadaa mkulima akatia mbegu mavumbini, na masika yaliyotazamiwa huchelewa, au hushuka kwa siku chache kwa nguvu ya kuchukua udongo na mche pamoja. Wataalamu huliita jambo hili mabadiliko ya tabianchi. Mkulima, ambaye hakungoja jina hilo ili aone madhara yake, husema tu kuwa majira yamemhama.

Pengo lililofunguka kati ya mawingu na mvua halina budi kuzibwa kwa elimu mpya, na elimu hiyo haina miguu ya kuendea shambani. Hupelekwa na mtu. Katika Tanzania mtu huyo tangu zamani ameitwa bwana shamba au bibi shamba. Katika lugha ya ofisi ya leo huitwa afisa ugani. Husemwa mara nyingi kuwa elimu ikiwa sahihi, kazi iliyobaki ni kuitangaza. Historia ya nchi hii yasema vinginevyo. Yaonyesha kuwa hatima ya elimu ya mvua na udongo iliamuliwa na mambo yaliyokuwa nyuma ya bwana shamba: chombo kilichomtuma, amri au hiari aliyopewa kuibeba, na muda ambao chombo hicho kilikuwa tayari kusimama naye.

Mwanzo wa historia hiyo haukuwa mwema. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Wataalamu wake walikuwa hodari, lakini uhodari wao ulielekezwa katika mazao ya walowezi na ya biashara. Kwa mwananchi wa kawaida elimu ya kilimo ilifika katika sura ya akida na kiboko. Katika nchi ya Wamatumbi watu walishurutishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja huku mashamba yao ya chakula yakiwangoja. Mwezi wa Julai 1905 waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Majimaji vikaanza. Vita vilikwisha mwaka 1907, lakini havikuchukua kumbukumbu yake. Kwa muda mrefu baadaye, neno la serikali juu ya jembe lilisikika likiwa na mwangwi wa kiboko ndani yake.

Waingereza waliporithi nchi walileta idara ya kilimo, vituo vya majaribio na mabwana shamba. Hata hivyo kosa lao kubwa kabisa la kilimo halikutokana na ukali, bali na kutouliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga, na Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ikawa kitovu chake. Shabaha ilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati ili mafuta ya karanga yaiondolee Uingereza uhaba ulioachwa na vita. Matrekta yaliletwa, reli na bandari zikapangwa, na maelfu ya watu wakaajiriwa. Mvua ya Ugogo, ambayo kila mzee wa mahali pale angeliweza kueleza ukaidi wake, ilihesabiwa kama kwamba ingefuata ratiba. Haikufuata. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zilizokubali kuota zikakataa kung'olewa. Mwezi wa Januari 1951 mradi ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kula kiasi cha pauni milioni 36.

Msiba wa Kongwa una maana yake katika habari za elimu ya tabianchi. Huko hapakukosekana fedha, mitambo wala wataalamu. Kilichokosekana ni njia ya kuchukua maarifa kutoka kwa mkulima kwenda kwa mtaalamu. Chombo kilichojengwa ili kufundisha kilikuwa na mdomo mpana na hakikuwa na masikio, na chombo cha namna hiyo, hata kikiwa na nia njema, hakina kinga dhidi ya ukame.

Katika miaka hiyo hiyo jambo lingine lilikuwa likipikwa katika milima ya Uluguru. Milima hii ina miteremko mikali, nayo ni chimbuko la mto Ruvu, ambao maji yake hunywesha Dar es Salaam. Maofisa wa kilimo waliona kuwa udongo unaporomoka kutoka mashambani na mto unajaa matope, na kwa hilo hawakukosea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, na dawa yao kubwa ilikuwa kukata miteremko kuwa matuta ya ngazi. Kazi hiyo haikuachwa kwa hiari. Ilikuwa sheria, na aliyeikaidi alipelekwa barazani akatozwa faini au akafungwa.

Waluguru walichimba, na wakaona walichokiona. Mahali pengi udongo wenye rutuba ulikuwa ngozi nyembamba tu juu ya mlima. Jembe lililokata ngazi lilizika rutuba hiyo chini na kufunua udongo mkavu usio na kitu, na mavuno yakapungua mahali pa kuongezeka. Ngazi isiyo na samadi haizai, na wengi wa watu hao hawakuwa na ng'ombe wa kuwapa samadi. Huko Mgeta, ambako mboga zilipata soko na samadi ilipatikana, ngazi zilikubalika vizuri zaidi. Tofauti hiyo ingelitosha kumfundisha mtungaji wa mpango kuwa mlima mmoja hauna dawa moja. Lakini bwana shamba aliyepita huko hakutumwa kulinganisha. Alitumwa kuhesabu ngazi zilizochimbwa na kuandika majina ya wasiochimba.

Mwezi wa Julai 1955 umati wa watu ulikusanyika Matombo kuukataa mpango huo. Mawe yalirushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo lazima iliondolewa, na ngazi nyingi zikaachwa zibomoke. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata wafuasi wengi katika milima hiyo. Hasara iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko ya ngazi zilizobomoka, kwa maana hifadhi ya udongo, jambo ambalo mlima uliihitaji kweli, ilikuwa imefungamanishwa na dhuluma katika mawazo ya watu. Kuukataa mpango kulionekana kuwa uzalendo, na udongo ukaendelea kuteremka.

Atakayedhani kuwa watu wa milimani walikuwa wavivu wa kutunza ardhi na atazame Umatengo, katika wilaya ya Mbinga. Huko wakulima wamelima miteremko mikali tangu kabla ya ofisi yoyote ya kilimo kufika. Hufyeka nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana, wakazifunika kwa udongo uliochimbwa katikati, na shamba zima likawa na vishimo vingi vilivyopangwa kama masega ya asali. Vishimo hivyo, viitwavyo ngoro, hukamata maji ya mvua yasikimbie, na nyasi zilizozikwa huoza zikawa mbolea. Kazi yake si nyepesi hata kidogo, tena hurudiwa. Watu waliifanya kizazi baada ya kizazi bila polisi kusimama juu yao, maadam waliijua faida yake na mavuno yalikuwa yao.

Uhuru wa mwaka 1961 uliondoa mtawala mgeni, lakini haukuondoa mara moja desturi yake ya kufundisha kwa amri. Mwaka 1972 tamko la Iringa, Siasa ni Kilimo, lilimpa kiongozi wajibu wa kueneza kilimo bora. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulipoleta uhaba mkubwa wa chakula, kampeni za kufa na kupona zilipigwa nchi nzima, na kila kaya ikatakiwa kulima. Wakati huo huo mamilioni ya watu walihamishwa katika vijiji. Nia ilikuwa kuwaweka karibu na shule, zahanati, maji na bwana shamba mwenyewe. Hapana shaka wengi walipata huduma ambazo hawakuwa nazo. Lakini waliohamishwa waliacha nyuma elimu iliyokuwa imeandikwa katika ardhi, yaani mipaka ya malisho, miti iliyohifadhiwa na mashamba ambayo tabia yake ilijulikana. Bwana shamba alisogezwa karibu na mkulima siku ile ile ambayo mkulima alitengwa na kitabu chake.

Hasara hiyo ilionekana wazi kuliko mahali pengine katika Shinyanga. Nchi ya Wasukuma ilikuwa imeanza kupoteza misitu yake zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930, vichaka vingi vilifyekwa kwa amri ya serikali ili kumfukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba yalipanuka na mifugo ikaongezeka. Hata hivyo Wasukuma walikuwa na desturi ya kuilinda nchi isikauke kabisa. Kila mvua zilipoanza, walitenga sehemu ya malisho na kuifunga. Nyasi zilikua bila kuguswa, migunga ikachipua, na kiangazi kilipokuwa kikali ng'ombe dhaifu na ndama walifunguliwa wakaingia. Sehemu hizo huitwa ngitili. Watu walipohamishiwa vijijini, ngitili nyingi zilikosa wenyewe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 vumbi lilikuwa limetawala, wanawake walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni, na Rais Nyerere, alipoizuru Shinyanga, alishtushwa na ukame wa nchi hiyo.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Norway ilisaidia kwa fedha, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao yake Nairobi kikasaidia kwa wataalamu. Mwanzo wake ulifanana na mipango mingine: bustani za miche za serikali, miti mingi ya kigeni, na mahubiri ya kupanda. Ungeweza kuishia hapo. Lakini watumishi wa HASHI walifanya jambo ambalo watangulizi wao wa Kongwa na Uluguru hawakulifanya. Walikubali kuulizia, na baada ya kuulizia, wakakubali kubadili mpango wao. Wazee waliwaeleza habari za ngitili. Wataalamu walikwenda kuzitazama chache zilizosalia, wakaona kuwa mizizi ya miti ingali hai ardhini, na kwamba nchi ikifungwa tu, msitu hurudi wenyewe bila ndoo ya maji.

Tangu hapo kazi ya bwana shamba ilibadilika. Hakwenda kijijini kueleza kitu kigeni, bali kuongeza elimu juu ya kitu kilichojulikana: mti upi upunguzwe matawi, mti upi urutubishe shamba la mahindi, malisho yafunguliwe lini ili yasiharibike. Kijiji kilitunga sheria ndogo kwa uwezo wa serikali za mitaa, na baraza la jadi la dagashida pamoja na walinzi wa sungusungu wakazitia nguvu. Aliyelisha katika ngitili ya mwenzake alihukumiwa na jirani zake. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana katika mkoa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, eneo lililofungwa lilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Nyasi, kuni, asali, dawa na matunda ya porini vilirudi, na baadhi ya ndege na wanyama waliotoweka wakaonekana tena. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa, ile iitwayo Tuzo ya Ikweta.

Haifai, kwa furaha ya habari hii, kuficha kasoro zake. Mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na maskini akabaki kutegemea ngitili ya kijiji au kununua kilichotoka kwa jirani. Fedha za wafadhili zilipokwisha, watumishi walipungua huku watu na mifugo wakiongezeka. Lakini katika historia yote iliyotajwa hapa, Shinyanga ndiyo mahali ambapo elimu ya kujikinga na ukame iliishi kupita mradi wenyewe, kwa kuwa sheria ilikuwa ya kijiji na faida ilikuwa ya kaya.

Nje ya Shinyanga huduma ya ugani ilipita njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, nchi ilifuata utaratibu wa mafunzo na matembezi. Bwana shamba alifundishwa somo kwa siku maalumu, kisha akalipeleka kwa wakulima maalumu kwa siku maalumu. Utaratibu huo ulimpa nidhamu na baiskeli, lakini somo lake lilikuwa moja kwa mwaka wa neema na mwaka wa ukame: nafasi ya mche na mche, mbegu bora, kipimo cha mbolea. Mkopo ulipokwisha, matembezi yalikwisha. Kisha mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 yaliwaweka mabwana shamba chini ya halmashauri za wilaya. Kwa miaka mingi baada ya hapo utabiri wa mvua ulikaa katika wizara ya uchukuzi, maarifa ya mazao katika wizara ya kilimo, na mtu wa kuvipeleka vyote viwili shambani akawa chini ya mwajiri wa tatu.

Ni katika hali hiyo ya mgawanyiko ndipo mabadiliko ya tabianchi yalipoingia katika nyaraka za taifa. Mwaka 2007 Tanzania ilitoa mpango wake wa kujihimili, na kilimo kilitajwa mbele ya mengine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, masika na msimu, lakini utabiri una lugha yake. Mtabiri hasemi kuwa mvua itanyesha. Husema kuwa yaelekea itakuwa juu ya wastani au chini yake. Mkulima asiyefunuliwa maana ya maneno hayo huyachukua kama ahadi, na ahadi ikivunjika mara moja, redio huzimwa.

Katikati ya miaka ya 2010, huko Longido na Kiteto, palijaribiwa njia iliyotungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza. Kabla ya msimu, bwana shamba aliyefundishwa huketi na wakulima wakatazama michoro ya mvua ya miaka mingi iliyopimwa katika kituo kilicho karibu nao. Huulizana: katika miaka kumi, mingapi ilikuwa na mvua ya kutosha mahindi? Mingapi ingelitosha mtama tu? Mzee hukumbuka mwaka wa njaa, na mchoro ukauthibitisha au ukamsahihisha. Kisha kila kaya hupima shamba lake, mifugo yake na mfuko wake, ikachagua yenyewe la kufanya. Wahenga walishauri kuwa akili ya kuambiwa changanya na ya kwako, na njia hii yaelekea kuufanya ushauri huo kuwa utaratibu wa kazi. Hapa bwana shamba si mjumbe wa amri tena, wala si kasuku wa somo moja. Lakini ili aweze kazi hiyo sharti afundishwe kwa siku nyingi, apewe takwimu za mahali pake, asihamishwe kila mwaka, na mwaka unaofuata apewe nauli ya kurudi kuona matokeo. Mambo hayo hayapatikani kwa ari ya mtu mmoja. Ni chombo kinachomtuma ndicho kinachoweza kuyatoa.

Mwezi wa Aprili 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki na vifaa vya kupima udongo kwa maafisa ugani, na bajeti ya wizara ya kilimo ikapanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi bilioni 954 katika mwaka wa fedha uliofuata. Hatua hiyo ilistahili kupokewa kwa shukrani, kwa kuwa afisa asiyeweza kufika shambani hana la kufundisha. Pikipiki humfikisha tu. Atakalosema akiisha kufika, na kama ataweza kusikiliza kabla ya kusema, hilo hutegemea mafunzo yake na agizo alilopewa.

Inafaa kurudi Uluguru, ambako chini ya milima ile ile, mjini Morogoro, kimesimama tangu mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho hufundisha mabwana na mabibi shamba wengi wa nchi. Katika miaka ya 2000 mashirika mawili ya kimataifa, CARE na WWF, yalileta mpango mpya katika vijiji vya Kibungo. Watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu walichangia fedha, na wakulima wakalipwa kwa kutunza miteremko kwa njia walizozichagua miongoni mwa nyingi: kupanda miti, kuacha sehemu ipumzike, kutia samadi, na kuchimba matuta. Wajukuu wa watu waliorusha mawe Matombo walichukua majembe wakachimba ngazi. Mlima ulikuwa ule ule, na ngazi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliulizwa, akachagua, na kazi yake ikahesabiwa kuwa na thamani hata kwa mtu wa mjini aliye mbali.

Mwezi wa Oktoba 2022 mvua zilikawia, Ruvu ikapungua, na Dar es Salaam ikaingia katika mgawo wa maji. Watu wa mjini walipanga ndoo mitaani usiku, wakitazama mbinguni kama mkulima atazamavyo. Maji waliyoyangoja yalipaswa kuanza safari yake katika mashamba ya Uluguru, katika udongo ambao ama umeshikwa na mtu aliyeelewa kwa nini aushike, au umeachwa uteremke. Bwana shamba wa huko ana pikipiki. Mkulima wa huko ana kumbukumbu ya ngazi za lazima na ya ngazi za hiari. Yote mawili yako tayari, yakingoja chombo kitakachobaki mlimani baada ya fedha za mradi kwisha.